Kelele za Adabu

Maiti zilikuwa tatu, na moja haikuwa na mwenyewe.

Ya kwanza ilikuwa ya dereva wa gari la zahanati. Ya pili ilikuwa ya msichana aliyekuwa akipelekwa hospitali kubwa kupasuliwa mguu, binti wa fundi cherehani wa mji ule. Hizo mbili zilikuwa zimeshaoshwa na kufunikwa, na ndugu walikuwa nje wakingoja ruhusa ya kuzika. Ya tatu ilikuwa ya bibi kizee aliyeokotwa kando ya njia ya mto, karibu na pale gari lilipomiminiwa risasi. Huyo hakuna mtu aliyekuja kumuulizia.

Inspekta, mama wa makamo, alikuwa amesimama katikati ya chumba cha kufulia, ambacho vita vilikuwa vimekigeuza kuwa chumba cha maiti, akitafuna biskuti. Hakuwa mtovu wa heshima. Alikuwa na njaa, na chumba kile ndicho alichokuwa na kazi ndani yake. Makao makuu ya polisi walimwita Barafu, baadhi yao mbele ya uso wake. Hakuwahi kukasirika, maana hata kukasirika kunataka nguvu, na zake zilikwisha zamani.

"Huyo kikongwe ni mtu wa wapiganaji," alisema Kapteni, ambaye alikuwa ameegemea mlango akizibia mwanga. "Walimweka barabarani awaonyeshe gari likija. Nani atamshuku bibi wa watu?"

"Alikuwa na nini mkononi?"

"Kifurushi tu. Kipo hapo kwenye sinki. Hakina maana."

Inspekta alikifungua. Kulikuwa na sweta ya mtoto mchanga iliyofumwa kwa mkono na kofia ya uzi huohuo, zote mpya, hazijawahi kuvaliwa. Akarudi kwa marehemu, akamfunua shuka. Nywele zilikuwa zimesukwa karibuni, mistari imenyooka. Gauni lilikuwa na damu kifuani, lakini kwenye mikono bado lilikuwa na mikunjo ya pasi.

"Kapteni, wewe ukienda kuvizia adui, unapiga pasi kwanza?"

"Mimi siendi kuvizia nikiwa na gauni, afande."

"Pale alipokutwa pana nyumba?"

"Hapana. Pana vichaka, na lile daraja bovu. Njia yenyewe haijapitwa na gari tangu mapigano yaanze."

"Basi alikuwa akingoja. Na mtu hangoji gari mahali pasipopita gari, ila awe ameambiwa."

"Ndicho ninachokwambia. Aliambiwa na wenzake, na wenzake waliambiwa na yule dada muuguzi tuliyemfungia." Kapteni alitazama nje, ambako askari wake wawili walikuwa wakihangaika na gurudumu la lori. "Mimi tairi likizibwa tu naondoka, na yule dada naondoka naye mpaka kambini."

Hakuhitaji kuongeza neno. Mji mzima ulijua kwamba aliyepelekwa kambini kwa kosa la kuuza siri harudi hata kufuata kandambili zake.

Kesi yenyewe, kwa maneno machache, ilikuwa hivi. Minara ya simu ilikwisha kulipuliwa mwanzoni kabisa, na mji wote ulibaki na simu moja ya setilaiti, mali ya zahanati, yenye mkonga wa antena mnene kama kidole gumba. Aliyeitunza alikuwa muuguzi ambaye watu walimwita Dada wa Simu. Asubuhi ya siku ile ya shambulio Daktari, ambaye ndiye mkuu wa zahanati, aliamua gari lisipite barabara ya juu kama kawaida, lipite njia ya mto. Aliwaambia watu wawili tu, dereva na Dada wa Simu. Kabla gari halijaondoka, simu ile ilipigwa mara moja kwenda ng'ambo ya mto, upande wa wapiganaji. Namba ilikuwa bado imo. Dada wa Simu alipoulizwa nani alipiga, alifunga mdomo.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema Kapteni.

"Basi nipishe nikausikilize huo mshindo."

*

Walikuwa wamemfungia stoo ya dawa. Rafu zilikuwa tupu kiasi kwamba sauti ilijirudia. Dada wa Simu alikuwa amekalia katoni, gauni lake la kazi limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, kama mtu anayengoja zamu yake ianze.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umelala?"

"Sijui, afande."

Inspekta alijivutia katoni nyingine. "Ulipiga wewe?"

"Simu ninaitunza mimi."

"Sikuuliza nani anaitunza."

Dada wa Simu alitazama viganja vyake. "Kila anayepanda kule juu ya paa namwambia neno moja. Namwambia, nitakayoyasikia hapa hayashuki ngazi. Nimesikia ndoa zikivunjika pale, afande. Nimesikia baba akiambiwa nyumba yake imeanguka na wote walikuwa ndani, na mimi ndiye niliyemshika asidondoke. Alishuka, akasalimia watu, akaenda zake. Mpaka leo sijamwambia mtu ni nani."

"Kapteni anakupeleka kambini leo."

"Najua."

"Hutarudi."

"Najua, afande." Alilisema kama mtu aliyeambiwa dukani kwamba chumvi imekwisha.

"Unamwogopa huyo aliyepiga?"

"Hapana."

"Ni ndugu yako? Mpenzi wako?"

"Sina mtu hapa."

"Sasa unamfichia nini?"

Dada wa Simu alishikashika kifungo cha shingoni. "Namhurumia," alisema mwishowe, kisha akaonekana kujuta kulisema.

Inspekta alisimama, akajipangusa vumbi. Neno lile moja lilimtosha kwa kuanzia. Dereva alikuwa mfanyakazi mwenzake huyu dada, wamekula sahani moja. Mtu aliyemuuza dereva, dada huyu angemchukia, au angemwogopa, au angekuwa amehongwa naye. Huruma haikuingia popote katika hesabu ile.

*

Shahidi wa Kapteni alikuwa mtunza stoo, mtu mzima mwembamba ambaye kila mtu alimwita Makopo. Alikuwa ametoa maelezo kwamba asubuhi ile alimwona Dada wa Simu peke yake juu ya paa, amejibanza nyuma ya tangi la maji, ananong'ona kwenye simu. Inspekta alimchukua, akaichukua na simu, wakapanda.

Paa lilikuwa bapa, la saruji, na tangi lilikuwa pembeni mwa ngazi.

"Alisimama wapi?"

"Hapa, mama. Hapahapa."

"Simama ulipomwona." Alimpa simu ikiwa imewashwa, mkonga umenyooshwa. "Sasa nipigie makao makuu. Namba ni hiyo."

Makopo aliiweka sikioni. Akaishusha, akaitazama, akaiinua tena. Ilikuwa ikitafuta. Ikaendelea kutafuta. Tangi lilikuwa limekaa baina yake na upande ule wa anga ambako simu ilikuwa ikipata mawasiliano.

"Njoo huku pembeni," alisema Inspekta. Wakaenda kwenye kona ya wazi, ambako saruji ilikuwa imelainika kwa nyayo za watu. Simu ikashika mara moja. Aliyepokea makao makuu alisikika kama mtu aliyetumbukia ndani ya pipa, na Inspekta alilazimika kupaza sauti mara mbili ndipo akaelewana naye. Wagonjwa waliokuwa wamekaa uani chini wakainua vichwa.

Alikata simu. "Umeona. Nyuma ya tangi haishiki. Na anayenong'ona kwenye kitu hiki hasikiki hata na mbu. Njia ya mwongo ni fupi, mzee wangu, na yako imeishia hapa kwenye kona."

Makopo hakubisha. Hakuwa hata na aibu iliyomtosha. "Waliniuliza kama nilimwona nyuma ya tangi. Mwenye kuuliza alikuwa na bunduki. Nikaona jibu lao wanalo, wanataka wa kulitia sahihi."

"Ukamtia yule dada kitanzi."

"Ndiyo." Alijikuna shavu. "Zamani ningekosa usingizi, mama. Siku hizi nalala tu. Ndicho kinachonitisha."

"Sasa niambie kweli. Ulikuwa wapi simu ile ilipopigwa?"

"Chini, kwenye mlango wa stoo. Napiga debe."

"Unapiga debe kwa nini?"

Makopo alimtazama kama anavyotazamwa mgeni. "Si adabu? Simu hii huwezi kuzungumza mpaka upige kelele, na uani kumejaa watu. Mambo ya mtu na mkewe yote yangemwagika chini. Basi mtu akipanda kuzungumza, sisi wa chini tunainamisha macho na kupiga kelele. Mwenye debe anapiga debe, mwenye sufuria anagonga sufuria. Yeye anasema yake, sisi hatusikii. Hatumtazami hata anapopanda."

"Kwa hiyo hujui alikuwa nani."

"Ningejua ningekuwa sina adabu."

Inspekta alitembea hadi ukingoni, akarudi. "Dada wa Simu mwenyewe, asubuhi akiijaribu kama inafanya kazi, mnapiga debe?"

"Ile ya kujaribu? Hapana. Anasema 'haloo, mnanipata' basi. Anatuambia kabisa tukae kimya asikie. Na yeye hana wa kumpigia, mama. Watu wake wote ni marehemu."

"Lakini asubuhi ile ulipiga debe."

"Nilipiga mpaka mkono ukauma."

"Nani alikwambia uanze?"

"Yeye mwenyewe. Alichungulia kutoka juu, akafanya hivi." Makopo alizungusha kidole hewani. "Maana yake kuna mtu anazungumza."

Kilichobaki kilikuwa rahisi, na Inspekta alikipanga huku akishuka ngazi. Aliyepiga hakuwa Dada wa Simu, alikuwa mteja. Mteja huyo alijua njia mpya, na njia mpya ilijulikana na watu watatu. Daktari, akishatoa agizo lile, aliingia chumba cha upasuaji na hakutoka asubuhi yote, mikono ndani ya tumbo la mtu, na waliokuwa wakimshikia taa walilithibitisha hilo. Akabaki dereva, na yeyote aliyeambiwa na dereva. Na ng'ambo ya mto kulikuwa na bibi kizee aliyesuka nywele, akapiga pasi gauni, akabeba sweta ya mtoto, akaenda kusimama penye daraja bovu.

Alimsimamisha Daktari kwenye korido. "Dereva alipoambiwa njia, alifanya nini?"

"Aliniaga anakwenda kwake hapo nyuma kunywa chai, ndipo aondoke."

"Ana mtoto?"

"Anaye mmoja. Anaanza kutambaa."

*

Mke wa dereva alikuwa amekaa mkekani katika chumba kimoja nyuma ya zahanati, mtoto miguuni pake. Mashati ya marehemu yalikuwa bado kwenye kamba nje, yamekauka kitambo, na hakuna aliyethubutu kuyaanua. Wanawake waliokuja kumliwaza walitoka Inspekta alipoingia.

"Pole, mwanangu."

"Asante, mama."

"Nina maswali machache. Asubuhi ile mumeo alikwambia anapita wapi?"

"Njia ya mto." Alijibu bila kufikiri, sauti haina kupanda wala kushuka. "Nikafurahi. Kwao ni ng'ambo kule, kwa mama yake. Hawajaonana tangu vita. Mama mkwe mjukuu wake hajawahi kumwona."

"Ukapanda juu ya paa."

"Alipokuwa anakunywa chai. Nilimwambia naenda msalani."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilitaka amkute tu barabarani. Ashtuke kwa furaha." Mtoto alijaribu kula ncha ya kanga yake, mama yake akaivuta taratibu kutoka mdomoni mwake. "Nilipiga duka la ng'ambo. Ndilo lenye simu kama yetu. Nikasema, mwambieni mama wa dereva, mwanao anapita leo asubuhi njia ya mto na gari la zahanati, usimame pale darajani. Hatakaa, lakini atakuona."

"Aliyepokea alikuwa nani?"

"Sijui. Mwanamume. Akasema sawa, atafikishiwa."

"Hukumuuliza jina?"

"Kwenye simu ile, mama, haulizwi mtu jina. Anayepokea ndiye mjumbe. Hata hapa kwetu ni hivyo, akipigiwa mtu, yeyote aliye karibu anachukua maneno anapeleka. Ndivyo tunavyoishi." Akainua uso kwa mara ya kwanza. "Mama, mama mkwe alifika? Tangu siku ile sina habari zake. Sijui nani atamwambia kwamba mwanawe amekufa."

Inspekta alikuwa ametoa habari za misiba mingi kuliko alivyotaka kukumbuka, na alizitoa zote kwa namna moja.

"Alifika," alisema.

Ilichukua muda. Inspekta aliona lile neno likiingia, kisha likienda mahali pake, kisha likivuta na mengine nyuma yake: daraja, mwanamume dukani, gari la zahanati. Mke wa dereva hakupiga kelele. Alimshika mtoto akamweka pajani, akambana, macho yakabaki ukutani.

"Ni mimi," alisema.

"Ujumbe ulimfikia mama mkwe, na ulifika kwingine pia."

"Na Dada wa Simu alikuwepo. Alisikia yote."

"Ndiye aliyefungwa kwa ajili ya simu hiyo. Tairi likishazibwa anapelekwa kambini."

Mke wa dereva alianza kuinuka. "Naenda kumwambia huyo mkubwa wa jeshi."

"Kaa." Inspekta alimshika bega. "Ukimwambia, atamwachia yule dada na atakuchukua wewe. Kwake kosa ni lilelile. Na huyo mtoto?"

Mke wa dereva alimtazama mtoto, akakaa.

"Basi sikiliza. Aliyepiga simu ni mumeo. Alimpigia mama yake asimame darajani. Hakuwa na nia mbaya, alipenda kumwona mama yake. Maiti haipelekwi kambini."

"Hakupiga. Hata simu yenyewe alikuwa haipendi."

"Alipiga."

"Unataka nimzike mume wangu na jina baya."

"Nataka mwanao awe na mama. Wewe kazi yako ni kunyamaza tu."

Alijua anachofanya. Alikuwa ameapa, miaka mingi nyuma, kutopotosha ushahidi, lakini kiapo kile kilikuwa cha nchi yenye mahakama. Alijichunguza kama anajisikia vibaya. Hakusikia kitu. Akatoka.

*

Lori lilikuwa limeshawashwa. Dada wa Simu alikuwa amepandishwa nyuma, mikono imefungwa mbele, na watu wa uani walikuwa wamesimama wakimtazama bila kusema lolote, kwa sababu kusema kulikuwa kumewagharimu wengi.

"Mteremshe," Inspekta alimwambia Kapteni. "Yule kikongwe ni mama yake dereva. Dereva alimpigia simu akamngoje darajani, amletee mjukuu sweta. Aliyepokea kule akawaambia na wapiganaji."

Kapteni alimtazama, kisha akamgeukia aliye juu ya lori. "Ni kweli? Dereva ndiye aliyepiga?"

Dada wa Simu alimtazama Inspekta. Akatazama nyuma yake, ambako mke wa dereva alikuwa ametoka na mtoto begani. Inspekta hakutikisa hata kope, na hakukuwa na haja.

"Ndiye," alisema Dada wa Simu.

"Na kwa nini ulikuwa unakaa kimya kama gogo?"

"Nilimwonea haya mkewe."

Kapteni alipuliza hewa. Hakuwa mkatili kuliko wengine, alitaka tu kuondoka akiwa na jibu. Akakata kamba kwa kisu chake mwenyewe, akamshusha yule dada, kisha akapanda kwenye bampa ili wote wamsikie. "Sikilizeni! Hakuna msaliti hapa. Dereva wenu mwenyewe alitangaza njia kwenye simu. Iwe fundisho." Akaingia kwenye lori.

Lori lilipokwisha kutoka getini, fundi cherehani alijitenga na watu. Tepu ya kupimia ilikuwa bado shingoni mwake, maana sanda ya binti yake aliishona mwenyewe. Alizungumza taratibu, bila hasira, kama mtu asomaye vipimo.

"Mungu amlaani aliyeinua simu ile," alisema. "Hata huko aliko asipate usingizi. Asifurahie mtoto wake. Kila atakapofumba macho amwone binti yangu."

"Amina," walisema watu.

Kisha, mmoja mmoja, wakageuka kumtazama mjane wa dereva, waone mke wa mtu atasemaje. Dada wa Simu alianza kupenya katikati ya watu kumwendea, vifundo vya mikono bado vina alama za kamba, lakini alikuwa mbali.

Mjane alimhamisha mtoto kutoka bega moja hadi jingine.

"Amina," alisema.